Gome Chungu na Kipimo Chake

Gome la mti ni ngozi yenye tabaka mbili. La nje limekufa: ni gumu, lina nyufa, na kazi yake ni kukinga jua, moto na wadudu. La ndani liko hai, lina unyevu, na ndilo linaloteremsha sukari kutoka majanini hadi mizizini. Mdudu au mnyama anayeutaka utamu huo hana budi kupitia hapo, na mti hauna miguu ya kukimbilia. Ndiyo maana miti mingi hujaza tabaka la ndani vitu vichungu, vikali, hata vyenye sumu. Binadamu alivikuta humo, akajifunza kuvitumia, akaviita dawa. Mganga anayekwangua gamba la nje na kulitupa, kisha akabandua utando mweupe au wa manjano uliojificha chini yake, anafanya jambo lililo sahihi kabisa kikemia, ingawa elimu yake imetangulia kemia kwa karne nyingi.

Kusini mwa mkoa wa Maniema, nchini Kongo, elimu hiyo imepata ardhi ya kustawi. Katika wilaya za Kasongo na Kabambare msitu mkubwa wa Kongo unaanza kukatika. Vipande vyake hufuata mabonde ya mito, na katikati yake huingia mbuga za nyasi zenye miti mifupi, jamaa ya ile ya Katanga na ya ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Lualaba unapita magharibi; Luama unashuka kutoka mashariki kupitia nchi ya Kabambare hadi kuungana nao. Mganga wa huko ana maduka mawili ya dawa: msitu wenye miti mirefu ya utomvu mweupe, na mbuga yenye vichaka vya mizizi mikali. Wakusu, Wabangubangu, Wazula, Wagenya wa mtoni na majirani zao kila mmoja ana majina yake ya miti, na juu ya majina hayo kikaja Kiswahili, kilichoenea kwa nguvu katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammad, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alipoifanya Kasongo makao yake. Kwa Kiswahili hicho kuna dawa ya kizungu na kuna dawa ya miti, na katika dawa ya miti gome lina heshima ya pekee. Majani hupukutika au huungua moto wa mbuga unapopita kiangazi, gome linabaki. Likikaushwa vizuri hukaa miezi, hufungwa kwa kamba, hubebwa kichwani hadi sokoni.

Gome lililopata umaarufu kuliko yote duniani halitoki Maniema. Ni la mti ambao wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaujua kwa jina la mwerebi, mti wa kandokando ya maji, wenye majani membamba na matawi yanayopindika bila kuvunjika. Jamii yake ni kubwa, na wengi hudhani ni mti wa Ulaya tu. Lakini Afrika ina mwerebi wake, Salix mucronata, unaoota kandokando ya mito kuanzia bonde la Nile hadi Afrika Kusini, ambako majani na gome lake vimetumika kwa homa na maumivu ya viungo. Mafunjo ya kitabibu ya Misri yaitwayo Ebers, ya karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, yanautaja mwerebi miongoni mwa dawa za uvimbe. Kwa hiyo habari ya kale ya gome hili imeandikwa katika bara la Afrika, na inastahili kukumbukwa hivyo.

Huko Uingereza gome hilo lilianza kuchunguzwa kwa ulimi. Karibu mwaka 1757 kasisi Edward Stone, wa Chipping Norton katika Oxfordshire, alionja gome la mwerebi akashtushwa na uchungu wake. Ulimkumbusha gome la mkwinini kutoka Peru, dawa ya homa za vipindi iliyokuwa ghali sana wakati huo. Stone aliamini pia kwamba Mungu huweka dawa karibu na ugonjwa: homa hizo zilikuwa za nchi za majimaji, na mwerebi hupenda majimaji. Hoja hiyo ingeeleweka papo hapo kwa mganga yeyote wa bonde la Lualaba. Alilikausha gome kwa miezi mitatu juu ya tanuri la mwoka mikate, akalitwanga kuwa unga, akaanza kuwapa wagonjwa kwa kiasi kidogo sana, akiongeza polepole hadi kufikia karibu gramu nne kila baada ya saa nne. Baada ya kuwatibu watu wapatao 50, aliandika barua kwa Chama cha Kifalme cha London tarehe 25 Aprili 1763.

Katika habari yake jambo la kuvutia kuliko uponyaji wenyewe ni kiasi. Stone alianza na kidogo, akapima, akahesabu saa, akaongeza, akaandika. Mti ulikuwa umejulikana kwa maelfu ya miaka. Alichoongeza yeye ni mizani na kalamu.

Wakemia walifuata. Mwaka 1828 Johann Buchner wa Munich alitoa katika gome hilo kitu cha manjano, kichungu, akakiita salisini. Mwaka uliofuata Mfaransa Henri Leroux alipata gramu 30 za fuwele zake kutoka kilo moja na nusu ya gome, yaani sehemu mbili tu katika mia. Mwaka 1838 Raffaele Piria wa Italia aliigeuza salisini kuwa asidi ya salisiliki, yenye nguvu zaidi lakini inayochoma kinywa na tumbo. Viwanda vya Ujerumani vikaanza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1874, bila kuhitaji gome tena. Mwaka 1876 daktari wa Uskoti, Thomas MacLagan, alitangaza kwamba salisini imewatuliza wagonjwa wa baridi yabisi kali, homa ikashuka na viungo vikapungua uvimbe. Kisha mwaka 1897, katika maabara ya Bayer, Felix Hoffmann alitengeneza kwa usafi asidi hiyo ikiwa imefungwa kwa asetili ili isiumize tumbo sana. Ikasajiliwa mwaka 1899 kwa jina la Aspirin.

Namna inavyofanya kazi haikujulikana hadi mwaka 1971, Mwingereza John Vane alipoonyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, vitu vinavyoamsha maumivu, uvimbe na joto. Salisini ya gome haina haraka kama kidonge. Huingia tumboni ikiwa imefungamana na sukari. Vijidudu vya utumbo huikata, ini huimalizia, na ndipo asidi ya salisiliki hupatikana katika damu. Pia haizuii damu kuganda kwa kiwango cha aspirini. Jaribio lililotangazwa mwaka 2000, kwa wagonjwa 210 wa maumivu ya mgongo, lilipima gome hili kwa wiki nne. Katika wiki ya mwisho, waliopata dawa yenye miligramu 240 za salisini kwa siku na wakawa hawana maumivu walikuwa 39 katika kila mia. Waliopata miligramu 120 walikuwa 21. Waliopewa kidonge kitupu walikuwa 6. Gome lilelile, nusu ya kipimo, karibu nusu ya faida.

Mbuga za kusini mashariki mwa Kongo nazo zina mti wao wenye dawa ya ukoo huohuo, ingawa si mwerebi wala hauna undugu nao. Jina lake la kisayansi ni Securidaca longipedunculata, na sehemu za Tanzania huitwa mteya. Ni mti mdogo, mara nyingi wa mita tatu hadi sita, wenye gome jepesi la kijivu, maua ya zambarau yanayonukia, na tunda lenye ubawa mmoja linaloruka kwa upepo. Ukichimba mzizi wake na kuukwangua, harufu inayotoka inatambulika mara moja na yeyote aliyewahi kununua dawa ya kuchua misuli katika duka la dawa. Ni harufu ya methili salisileti, mtoto mwingine wa asidi ileile ya mwerebi, na ndiyo inayowekwa katika malhamu za kuchulia mgongo na magoti. Miti miwili isiyo na undugu imefika kwenye kemikali za ukoo mmoja, na waganga wa pande zote mbili, bila kujuana, wakaipeleka kwenye maumivu yaleyale: kichwa, jino, viungo, mgongo.

Matumizi ya gome la mzizi wa mti huu yameandikwa kuanzia Senegali hadi Afrika Kusini, na yanafanana mno. Hukaushwa na kutwangwa, unga ukanuswa kidogo kwa ajili ya kichwa kizito na mafua. Hupakwa ukiwa umelowekwa mahali panapouma. Huingizwa katika chale ndogo zinazochanjwa juu ya goti au kiuno. Kipande hutafunwa upande wa jino bovu. Katika ghala la nafaka unga huohuo huchanganywa na mbegu ili kufukuza fukusi, kazi ambayo watafiti wameithibitisha: methili salisileti huwafukuza na kuwaua wadudu wa ghalani. Mkulima aliyekuwa akiutia unga huo katika mahindi alikuwa anautumia kwa sababu ileile iliyoufanya mti uuweke katika mzizi wake.

Mti huu pia ni sumu, na hapa hakuna nafasi ya kulegeza maneno. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta safi ya methili salisileti, mililita tano, kina nguvu ya gramu saba hivi za aspirini, kiasi kinachoweza kumuua mtoto. Mzizi wenyewe hauna mafuta mengi hivyo, lakini una vitu vingine vikali, zikiwemo saponini, na vifo vya waliounywa kwa wingi au kuutumia kutoa mimba vimeandikwa katika nchi kadhaa za Afrika. Waganga wazoefu wanalijua hilo. Ndiyo maana dawa hii kwao hupakwa na kunuswa zaidi ya kunywewa. Hatari huja pale elimu inaponyofolewa nusu: jirani amesikia jina la mti lakini hakusikia kwamba hainywewi.

Kabambare inatajwa katika historia ya tiba kwa sababu ya mgonjwa mmoja aliyeandika karibu kila siku. Daktari David Livingstone alifika huko, katika kijiji alichokiita Bambarre, tarehe 21 Septemba 1869, akifuatana na wafanyabiashara wa pwani. Sanduku lake la dawa lilikuwa limepotea tangu Januari 1867, wapagazi wawili walipotoroka nalo, na ndani yake ilikuwemo kwinini aliyoitegemea. Aliandika kwamba alihisi kama amesomewa hukumu ya kifo. Julai 1870 alirudi Kabambare akiwa na vidonda vya miguu vilivyomfungia ndani ya kibanda siku 80, na siku 20 za mwisho homa ikaongezeka. Dawa pekee aliyoona ikimsaidia kidogo ilikuwa malakaiti, jiwe la kijani lenye shaba, lililosagwa kwa maji juu ya jiwe na kupakwa kwa unyoya. Aliandika pia juu ya safura aliyoiona Maniema, ugonjwa wa watu wanaokula udongo. Daktari aliyekuja na dawa za nchi yake alimaliza akitibiwa kwa dawa ya nchi aliyoijia.

Watu wa pwani nao walileta miti yao. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwamo katika jeshi la Wabelgiji lililouteka mji wa Kasongo Aprili 1893, aliandika juu ya bustani alizozikuta huko: michungwa, mipera, mikomamanga, miembe, kahawa, mashamba ya mpunga. Yote ilikuja kwa ajili ya chakula, lakini mti wa chakula haukai muda mrefu kabla ya kuingizwa katika tiba. Majani ya mpera yakawa dawa ya kuhara na gome la mwembe likachemshwa kwa jino na koo, kama ilivyo pwani na Bara Hindi. Vyote viwili vina tanini kwa wingi, kitu kinachokaza utando wa kinywa na utumbo, kwa hiyo matumizi hayo yana msingi.

Gome lililobadilisha lugha yenyewe ni la mkwinini. Wafaransa Pelletier na Caventou walitoa kwinini katika gome hilo mwaka 1820, na karne iliyofuata Wabelgiji wakaipanda miti yake katika milima ya Kivu. Haikupandwa Kasongo kwa sababu inataka baridi ya milimani, na Kasongo iko chini, kwenye joto la bonde la Lualaba. Vita vilipoiweka Java mikononi mwa Wajapani mwaka 1942, sehemu kubwa sana ya kwinini ya dunia ilikatika, na mashamba ya Kivu yakapata thamani mpya. Kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimeendelea kutoa kwinini kutoka magome ya huko hadi enzi za karibuni. Maniema ilipokea vidonge vyake na jina lake. Katika Kiswahili cha Kongo, kama katika Kilingala, kinini limekuwa jina la kidonge chochote: kinini ya kichwa, kinini ya minyoo, kinini ya presha. Kila anayesema hivyo anataja gome la mti wa Amerika ya Kusini.

Uchungu huo wa kwinini umeacha kanuni moja iliyoenea mno: kilicho kichungu kinatibu malaria. Stone aliifuata huko Oxfordshire, na inafuatwa hadi leo katika misitu ya Kongo, ambako gome la Alstonia boonei, mti mrefu wenye utomvu mweupe na mbao nyepesi, huchemshwa kwa homa, pamoja na la Morinda lucida na majani ya Vernonia amygdalina. Sarcocephalus latifolius, kichaka cha mbugani chenye tunda kama mpira mwekundu, kimeitwa hata kwinini ya Afrika. Lakini uchungu ni ladha tu. Ulimi hauwezi kutofautisha kitu kinachoua vimelea vya malaria na kitu kinachoshusha joto la mwili, wala na kitu kisichofanya lolote kati ya hayo.

Tofauti hiyo ndiyo roho ya jambo lote. Homa si ugonjwa mmoja. Gome la mwerebi hushusha joto la mwili; haliui kimelea cha malaria. Wagonjwa wa Stone waliopata nafuu ya homa za vipindi huenda walibaki na vimelea katika damu. Kwinini hufanya kinyume: inakwenda kwenye kimelea chenyewe, na joto hushuka kwa sababu chanzo chake kimeondoka. Mgonjwa mzima mwenye kinga ya miaka mingi anaweza kunywa chochote chungu, akalala, akaamka nafuu, na mti ukapewa sifa. Mtoto wa miaka miwili hana kinga hiyo. Joto lake likishushwa kwa gome huku vimelea vikiendelea kuongezeka, saa zinazopotea ndizo zile ambazo degedege na upungufu wa damu huingia. Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, baada ya Nijeria, kwa hiyo kosa hilo dogo la kufikiri huko lina uzito mkubwa.

Kwa watoto kuna sababu nyingine. Katika miaka ya 1980 nchi za Magharibi ziliacha kuwapa watoto wenye homa aspirini baada ya kuihusisha na ugonjwa wa nadra wa Reye, unaoharibu ini na ubongo wa mtoto anayeugua mafua makali au tetekuwanga. Tahadhari hiyo inaufuata ukoo wote wa salisileti, uwe kwenye kidonge au kwenye mzizi. Wenye vidonda vya tumbo, wajawazito na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wamo katika orodha hiyohiyo.

Kemia yenyewe nayo iliwahi kudanganywa na gome. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba gome la mzizi wa Sarcocephalus latifolius kutoka kaskazini mwa Kameruni lina tramadoli, dawa ya maumivu ambayo hadi hapo ilijulikana kutengenezwa viwandani tu. Habari ilizunguka dunia. Mwaka uliofuata wachunguzi wengine walirudi huko wakagundua kwamba wakulima walikuwa wanatumia vidonge vya tramadoli wenyewe na kuwapa ng'ombe wa kulimia, na mkojo ulikuwa umeichafua ardhi. Mzizi ulikuwa umenyonya kidonge. Waganga walioutumia mti huo tangu zamani kwa maumivu hawakuwa wamesema uongo, ila kilichopatikana humo hakikuwa siri yao.

Maniema ina kisa chake cha jinsi hiyo, na hakihusu gome bali majani. Artemisini, dawa inayobeba tiba ya malaria ya leo, ilitolewa mwaka 1972 katika mmea wa Kichina, Artemisia annua, kwa kazi ya Tu Youyou aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Swali likabaki kama chai ya mmea huo ingetosha bila kiwanda. Jaribio kubwa lilifanyika Kalima, katika mkoa huohuo wa Maniema, na mwaka 2019 jarida la Phytomedicine likachapisha matokeo yaliyodai kwamba chai ilizishinda dawa za kawaida. Baadaye jarida hilohilo liliiondoa makala hiyo. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutangaza mwaka 2019 kwamba haliungi mkono chai ya artemisia kama tiba, kwa kuwa kiasi cha dawa hubadilika kutoka kikombe hadi kikombe, na dozi pungufu humfundisha kimelea kuistahimili. Hapo tena ni kipimo. Mmea ni wa kweli na dawa ni ya kweli. Kikombe ndicho kisichojulikana.

Gome linabadilika kwa sababu nyingi zinazojulikana. Umri wa mti, majira, upande wa shina, udongo, mvua, siku za kukausha na kama lilikaushwa juani au kivulini, vyote hugusa kiasi cha dawa kilichomo. Aina za mwerebi zenyewe hutofautiana mno: nyingine zina salisini chini ya sehemu moja katika mia, nyingine mara kadhaa zaidi. Kuchemsha huteremsha majini vile vinavyoyeyuka, kama salisini na tanini, lakini hurusha hewani vile vyenye harufu, kama methili salisileti ya mteya. Kwa hiyo desturi ya kuupaka na kuunusa mzizi wenye harufu, na kuchemsha gome lisilo na harufu bali chungu, ni desturi yenye akili. Kuloweka kwenye pombe hutoa hata vile ambavyo maji hayavitoi, vya kuponya na vya kudhuru pamoja. Chungu kikirudishwa motoni mara ya tatu na magome yaleyale, kinachobaki ni rangi zaidi ya dawa, na mgonjwa anayepewa kikombe cha siku ya kwanza hanywi kitu kimoja na wa siku ya nne.

Kasongo ina historia ya kujua thamani ya kupima. Mwaka 1971 Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, ikishirikiana na serikali, ilianza huko mradi wa vituo vya afya vinavyoendeshwa na wauguzi na kuungwa mkono na hospitali moja ya wilaya. Mradi wa Kasongo ukawa mmoja wa mifano iliyojenga mpangilio wa zoni za afya za Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na mwaka 1981 timu yake ilichapisha katika jarida la Lancet utafiti juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa mji huo, kazi inayosomwa hadi leo. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1978, mkutano wa Alma-Ata ulizitaka nchi ziwatambue waganga wa jadi kuwa sehemu ya huduma ya afya ya msingi. Palipo na umbali mrefu hadi kituo, barabara inayokatika masika na usalama unaoyumba kama ilivyokuwa mara nyingi Kabambare, mganga huwa wa kwanza kuonwa, na muuguzi anayemuuliza mgonjwa bila kumkemea ni gome gani amekunywa, lini na mara ngapi, anapata habari inayoweza kuokoa maisha.

Linabaki suala la mti wenyewe. Soko kubwa limewahi kufika kwenye magome ya Kongo. Rauvolfia vomitoria, mti wa kando ya msitu ambao gome la mzizi wake hutuliza wagonjwa wa akili kwa waganga wengi wa Afrika ya Kati, ulikuja kutafutwa na viwanda baada ya reserpini kutolewa mwaka 1952 katika ndugu yake wa India kwa ajili ya shinikizo la damu. Zaire ikawa muuzaji mkubwa wa gome hilo. Kuchukua mzizi ni kung'oa mti. Prunus africana wa milima ya Kivu ulifuata, gome lake likipelekwa Ulaya kwa dawa ya tezi dume, hadi mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa ilipowekwa chini ya mkataba wa CITES.

Mti hufa ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote, hata kama pete hiyo ni nyembamba, kwa sababu njia ya sukari kwenda mizizini imekatika. Mizizi hula akiba yake kwa miezi, majani yanaendelea kuwa ya kijani, na mwenye kisu anaweza kudhani hajaudhuru. Anayebandua upande mmoja tu, kwa kipande chembamba kinachoenda juu na chini, bila kuukwaruza mti wenyewe ulio ndani, huuachia mti njia upande wa pili. Kingo za kidonda huanza kuvimba na kusogeleana. Gome jipya huja laini, jembamba, lenye rangi nyingine, na mganga anayerudi mwaka unaofuata huanza kwa kulitazama kovu hilo kabla ya kuchagua upande wa kukata.